Uki ya Cucu na Zabibu za Armenia

Rafiki yangu, sikuenda Armenia kunywa. Nasema hivyo mapema kwa sababu kanisani kwetu umbea una miguu minne, na mimi siku hizi ni mzee wa kanisa. Nilienda na wakulima wenzangu wa maembe kutoka Mbeere. Tulialikwa wiki mbili tukajifunze jinsi watu wa huko wanavyokausha matunda. Tulionyeshwa aprikoti zikianikwa juu ya mapaa, tukaandika, tukapiga picha, tukauliza maswali mpaka wakachoka nasi. Halafu wenyeji wakasema haiwezekani mgeni afike kwao aondoke bila kuonja. Wakatupakia kwenye basi dogo, tukaanza safari ya mvinyo na brandi, kijiji baada ya kijiji.

Kituo cha kwanza kilikuwa kanisa. Nilidhani dereva amepotea. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Agosti, na uani pa kanisa la mawe palikuwa na meza ndefu imejaa makarai ya zabibu. Kasisi mwenye ndevu akaja na msalaba, akaimba, akazibariki zabibu zile mbele ya watu wote. Binti aliyekuwa akitutafsiria alinieleza kwamba wakulima wa pale hawaonji zabibu za mwaka mpya mpaka kanisa lizibariki. Nikamuuliza, "Na kasisi anajua nyingine zitakuwa pombe?" Akacheka, akasema anajua, na yeye mwenyewe atakunywa. Bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani akanimegea kishada. Nilikishika tu hivi mkononi, machozi yakaanza kunitoka, mtu mzima na miwani yangu. Wenzangu walifikiri nimekumbuka nyumbani.

Nilikuwa nimekumbuka nyumbani, lakini si kwa namna waliyodhani wao.

Siku ile tuliona mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini mpaka shingoni, na mzee wa nyumba akatuchotea mvinyo kwa kata yenye mpini mrefu. Ulikuwa mkavu, unakausha ulimi kama gome la mti. Alasiri tukaingia ghala la brandi, lenye baridi na giza, mapipa ya mwaloni yamepangwa mpaka juu, na hewa yenyewe ukiivuta unahisi umeonja. Tulifundishwa kupasha glasi kwa kiganja, kunusa kwanza, kuacha tone dogo likae mdomoni. Mezani kila mtu alitakia mwenzake kheri kabla ya kunywa, na zamu ya kuwataja marehemu ilipofika, glasi hazikugonganishwa. Kisha mwenyeji wetu akanigeukia akauliza, kwa nia njema kabisa, "Na kwenu, wazee wenu walikuwa wanabariki vijana kwa kinywaji gani?"

Nikajibu soda. Nakuambia ukweli, nilijibu soda.

Sasa nikueleze kwa nini. Baba na mama walikuwa walimu huko Kaaga, mjini Meru, na mimi walinipeleka kwa Cucu, mama yake baba, nje kidogo ya soko la Kiritiri. Huko ndiko nilikokulia mpaka darasa la nne. Jua la Kiritiri halina huruma. Asubuhi tulifungulia mbuzi, tukachota maji, tukapembua pojo mpaka vumbi linaingia puani. Jioni jiko lilinuka mbaazi, moshi na samli. Babu alikuwa ameshafariki, lakini mizinga yake ya nyuki ilibaki kwenye migunga, na Cucu aliirithi mizinga ile pamoja na kazi yake. Kutengeneza uki, pombe ya asali, ilikuwa shughuli ya wazee wa kiume. Babu alimfundisha mkewe kwa sababu hakuwa na subira na wanaume wenzake. Ndivyo Cucu alivyopenda kusema, halafu anacheka mwenyewe.

Uki haikutengenezwa na mtu mmoja. Cucu alikuwa na mwenzake, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, ambaye nilimwita Cucu vilevile. Ili usichanganyikiwe, huyu nitamwita jirani. Wanawake hawa wawili walikuwa chanda na pete. Walikwenda kanisani pamoja, wakavaa vitambaa vyeupe vya chama cha akina mama pamoja, na walikopeshana chumvi bila kuombana. Kwenye uki kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Jirani alishughulikia muratina, yale matunda marefu ya mti wa mwegea, yaliyopasuliwa na kukaushwa, ambayo ndiyo huchachusha. Aliyaosha, akayaamsha kwa maji ya uvuguvugu, akayaanika tena. Cucu alipima asali na maji. Hakutumia kikombe wala kibaba. Alichovya kidole, akaonja, akafumba macho, akaongeza. Mwenzake akimaliza yake anageuka ukutani, maana desturi ilikuwa anayepima asiangaliwe. Kisha kibuyu kikubwa kilifungwa blanketi na kulazwa kando ya meko, nasi watoto tukapewa masega ya kutafuna.

Hatukuruhusiwa kuonja. Tuliruhusiwa kusikiliza. Siku ya pili au ya tatu Cucu aliweka sikio kwenye kibuyu, akaniita niweke langu. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, chururu chururu, kama watu wanaoongea chumba cha pili. "Imeanza kuongea," alisema. Na akaniambia nyumba yenye uki inayoongea haitakiwi kugombana. Basi siku hizo hata mbuzi walipoingia shambani walifukuzwa kwa adabu.

Uki ninayoisimulia ilikuwa ya baba mdogo, kitinda mimba wa Cucu. Alikuwa akifundisha Kangeta, huko Igembe, akampenda binti wa huko. Wazee wa binti walikuwa watu wa zamani. Walisema mambo mengine yatazungumzika, lakini kijana atakayemchukua mtoto wao atabarikiwa kwa uki iliyotengenezwa kwa mikono ya nyumbani kwao kijana. Tatizo ni kwamba kanisa letu lilikuwa limepiga marufuku pombe ya aina yoyote. Mwenye kuitengeneza hutengwa, yaani haendi Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu wote akiri dhambi. Kwa hiyo waliojua kuhusu kibuyu kile tulikuwa wanne tu. Cucu, jirani, baba mdogo, na mimi.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa msichana mpole, na alikuwa na mtindo wake. Kabla ya sala ya mwisho, kila mtoto alimwendea akamnong'oneza sikioni jambo moja la kumshukuru Mungu. Halafu aliyakusanya yote akayaombea kwa sauti: asante kwa mvua, asante kwa ndama, asante kwa viatu. Nilikuwa na miaka minane na nilitaka sana jambo langu liwe zuri kuliko ya wengine. Nikamnong'oneza, "Namshukuru Mungu kwa sababu uki ya Cucu imeanza kuongea."

Katika sala alitaja mvua, ndama, viatu. Langu aliliruka. Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani, nikidhani amelisahau.

Jumatano wazee wawili wa kanisa wakapiga hodi. Mmoja alikuwa shemeji yake jirani. Cucu aliwapa viti, nami nikajibanza nyuma ya mlango. Waliuliza kama ni kweli. Angeweza kuwaambia ni dawa ya kifua na wangefurahi kuamini, nina hakika hivyo hadi leo, kwa sababu waliuliza wakiangalia sakafu. Lakini Cucu alikuwa mtu wa namna yake. Alifungua kibuyu, akachota kidogo kwa kata, akaonja yeye kwanza, kama desturi ilivyomtaka mwenye pombe afanye mbele ya mgeni.

"Ni uki," alisema. "Ni ya kumbariki mwanangu. Nani amewaambia?"

"Mama, kanisa lina masikio," mmoja akajibu.

Wakaondoka na kitambaa chake cheupe. Cucu alisimama mlangoni akimtazama yule shemeji akikata kona kuingia kwa jirani. Alitazama kwa muda mrefu. Nilimwona akijumlisha mambo kichwani, na nilijua jibu alilopata si sahihi, na jibu sahihi lilikuwa mimi.

Sikusema. Ningeweza kuipamba hadithi hapa kwamba nilijaribu, kwamba maneno yalinikwama. Hapana. Niliogopa fimbo, na nikaogopa zaidi kurudishwa Kaaga nikiwa mtoto aliyefukuzwa na Cucu wake. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga. Baadaye nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza.

Jioni ile jirani alikuja kuulizia hali. Cucu alikuwa akipeta mtama. Hakuinua uso. Jirani akamsalimu mara ya pili, akasimama kidogo na kiganja juu ya uzio, akarudi kwake. Hawakusalimiana tena mpaka Cucu anazikwa. Ikapita miaka mingi, rafiki yangu, nyumba mbili za uzio mmoja. Chumvi ikiisha nilitumwa sokoni.

Uki ilifika Kangeta. Baba mdogo alisimulia kwamba Cucu aliionja kwanza, wazee wakafuata, na mkubwa wao akapiga funda akawapulizia vijana vifuani kuwabariki. Mzee huyo alisema hawajawahi kuonja kitu kama kile, na baba mdogo si mtu wa kupiga chuku. Ndoa yao ipo mpaka leo.

Cucu aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili. Alikaa benchi la nyuma kabisa, nami kando yake. Wengine walipoinuka kwenda Meza ya Bwana, alibaki amekaa, mikono mapajani. Pasta mmoja baada ya mwingine walimsihi akiri tu, sentensi moja, yaishe. Alijibu, "Nikisema ni dhambi, nitakuwa nimemwambia mwanangu alibarikiwa kwa dhambi." Hakukiri. Alikufa akiwa bado wa benchi la nyuma, na kitambaa chake hakikurudishwa. Wala hakutengeneza uki tena. Mizinga ilihamwa na nyuki, na muratina zile za babu zilitobolewa na wadudu juu ya meko mpaka zikawa unga.

Kwa hiyo huko Armenia nilionja mvinyo wa mitungi, nikaonja brandi ya rangi ya asali, nikasifu, na nilisifu kwa haki. Lakini ya kwetu sijawahi kuionja, naijua kwa sikio tu. Na nilipomwona kasisi yule akinyoosha msalaba juu ya makarai ya zabibu, na bibi wa watu akiondoka na kishada chake kichwa juu, nilimwona Cucu kwenye benchi lile. Nikasema moyoni, nikirudi nitasema. Mmoja wa wale wanawake wawili bado yuko hai.

Jirani sasa ni mkongwe hasa. Macho yamefunga ukungu lakini akili ni timamu. Nilimkuta ameketi juani kwa binti yake, palepale Kiritiri, nikampelekea aprikoti zilizokaushwa. Nilikaa kwenye kigoda miguuni pake. Nikamwambia, "Cucu, aliyepeleka habari ya uki kanisani ni mimi. Nilimnong'oneza mwalimu wa shule ya Jumapili." Nilisema haraka, kana kwamba fimbo bado ipo.

Alitafuna aprikoti yake taratibu, maana meno yamebaki machache.

"Najua," alisema. "Yule mwalimu alikuja kwangu wiki ileile akilia. Alikuwa amemwambia pasta."

Nikamuuliza, "Na kwa nini hukumwambia Cucu? Si mngepatana?"

"Ningemwambia nini? Kwamba ni mjukuu wake?" Alinipapasa kichwa, akitafuta uso wangu. "Alikuwa amenyang'anywa kitambaa. Alibakiwa na wewe ndani ya nyumba ile. Mimi nilikuwa na watu wangu, ningeweza kukaa bila yeye."

"Uliweza?"

Akaniomba aprikoti nyingine. Nililia nikiwa nimelaza kichwa magotini pake, na sikuona aibu.

Nilipotulia nilimsihi anifundishe uki, nikaandika kwenye daftari lilelile la Armenia. Alinieleza yote kuhusu muratina: nichague tunda lipi, nipasue vipi, maji yawe moto kiasi gani, dalili ya kwamba limeamka. Kurasa tatu zilijaa. Kisha nikauliza asali kiasi gani kwa maji kiasi gani.

"Hapo sijui," alisema. "Hapo nilikuwa nimeangalia ukuta."