Mchemraba wa Tatu

Fundi wa maabara alimjua mwanafunzi huyo kwa mikono yake, iliyopauka kwa saruji hadi kwenye kucha. Kila mchemraba wake wa zege ulipopasuka kwenye mashine ya kupima nguvu, aliuzoa wote, akautia kwenye mfuko na kuandika tarehe. Miwili ya kwanza ilipasuka mapema, ikamfanya arudie mwaka mara mbili. Huu wa tatu ungeshindwa, chuo kingemwondoa kwenye uhandisi. Wenzake darasani, wadogo kwake kwa umri, walimwita Bibi Zege, naye akiitika, "Naam, wajukuu."

Leo mshale wa mashine ulipanda taratibu, ukauvuka mstari wa kufaulu. Fundi akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuzima mashine.

"Hongera, dada. Umepita."

"Usizime kwanza, fundi. Nataka kuona utapasukia wapi."

Ulipopasuka, alipiga magoti na mfuko wake, akaanza kuzoa.