Presha ya Mama

Baba yangu, Tata kama tunavyomwita baba kwetu, alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Kyimo, na kwake neno la wakubwa lilitangulia hata neno la mchungaji. Mwaka ule wa ugonjwa redio ilisema nchi iko salama, tusali, tujifukize, tuchape kazi. Tata akalipokea hivyo hivyo. Mimi nilikuwa fundi cherehani Ibighi, na wateja wangu waliotoka Mbeya walinisimulia mambo mengine, tena kwa kunong'ona.

Nilishona barakoa chache za kitenge, nikampelekea mama moja. Tata aliivua usoni pa mama kwa mkono wake mwenyewe.

"Mke wa balozi avae hiki? Watu watasema tunapinga serikali."

Mama alipoanza kukohoa, mvua ilikuwa imekaza na ukungu haukutoka migombani siku nzima. Tata akachemsha nyungu. Majani ya mkaratusi, mlimao, mchaichai, akamkalisha mama juu ya kigoda na kumfunika blanketi zito la kulalia. Ndani ya lile blanketi nilimsikia mama akihangaika kutafuta pumzi. Nikasema tumpeleke hospitali mjini. Tata akanijibu kwa methali aliyoipenda kuliko zote, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Tulimkodia gari alipokuwa hajui tena nani kamshika. Alikata roho njiani, mji tukiuona.

Kwetu msiba una utaratibu wake. Kila kundi linapofika, wanalia kwanza, wanakaa, kisha mwenye msiba anawasimulia ugonjwa ulivyoanza na ulivyoishia. Hata kama wamefika makundi ishirini, yote husimuliwa upya, maana mtu hazikwi kimyakimya kama kuku aliyekufa kideri. Tata akawa anasimulia. Presha, alisema. Ilipanda ghafla. Wazee wanaitikia kwa asante ya kwetu, "Ndaga, tumesikia," na kundi jingine linaingia, presha inapanda tena.

Mama yangu hakuwa na presha. Alipanda kilima cha shamba letu la chai na kikapu mgongoni, akifika juu anaimba. Walipoingia wanawake wa Matwebe, kwao mama, ndugu zake wa kuzaliwa, nilishindwa kuvumilia.

"Jamani, mama alishindwa kupumua. Ni huu ugonjwa."

Kilio kilikatika. Tata akacheka kidogo, kicheko cha kikao. "Mwanangu ana uchungu, msimjali." Baadaye akanifuata jikoni, tulikokuwa tukimenya ndizi, akaniambia ugonjwa ule hautajwi nyumbani kwake. Nilimchukia. Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kusema nilihuzunika.

Haukupita muda mrefu, Rais akafariki. Redio zikapiga nyimbo za maombolezo kutwa. Tata alikaa chini kwenye udongo wa uani, kofia mkononi, akalia. Kwenye msiba wa mama alilia kiume. Kwa Rais alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nami nilipita na ndoo ya maji, nikamzunguka.

Makamu akaapishwa, na upepo ukageuka. Taratibu kwanza, halafu wote kwa mara moja. Wakubwa wakaonekana kwenye televisheni wamefunika pua. Ugonjwa ukapata jina, jina likapata chanjo, chanjo ikapata mkutano wa hadhara uwanjani kwetu. Tata akaja mpaka Ibighi, akasimama mlangoni pa kibanda changu, akaniomba nimshonee barakoa.

"Nzuri nzuri, mwanangu. Mgeni anatoka wilayani."

Nikamshonea. Niliinamia cherehani, nikihofia nikimtazama nitamchoma kwa sindano.

Siku ya mkutano alipewa nafasi ya kusema. Akaishusha barakoa kidevuni ili asikike vizuri.

"Ndugu zangu, mimi ni shahidi. Mke wangu aliuawa na ugonjwa huu. Alishindwa kupumua, nikiona kwa macho yangu. Msifanye mchezo, kachanjeni!"

Watu wakapiga makofi. Wazee wale wale waliosikia habari za presha walitikisa vichwa kwa huruma, wala hakuna aliyeuliza. Nilitazama walipokaa wanawake wa Matwebe. Mmoja alinitazama, kisha akainamia kanga yake.

Mgeni alipoondoka, Tata alinifuata akiwa na furaha.

"Umesikia nilivyomtaja mama yako mbele ya wakubwa?"

"Nimesikia, Tata. Kosa la mama ni kuugua kabla ya ruhusa."

Tata akavua barakoa, akanikabidhi nikamfulie, maana kulikuwa na mkutano mwingine Jumamosi.

Mama alisikia la mkuu, na guu halikuvunjika; tulimzika nalo zima. Barakoa ile ya Tata ninayo kwenye droo ya cherehani. Sijaifua.