Faili Limefungwa na Marehemu

Msimamizi, naomba ufiche jina langu, maana humu Kolwezi tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sekretari katika ofisi ndogo hapa Manika. Mimi na rafiki yangu wa kazini, nimwite Mado, tulikuwa tunaandika kanuni za usalama za kampuni moja ya uchimbaji. Yeye aliandikia nyumbani kwao, mtaa wa Kasulo, kwa kompyuta ya ofisi, mimi ofisini, faili moja kwenye internet. Akashikwa na homa, akafa. Tukamzika.

Niliporudi kazini nikafungua lile faili. Kompyuta ikaniambia limefungwa, linatumiwa na Mado. Nikazima mashine, nikawasha. Nikatafuta kile kifaili kilichojificha ambacho programu hukiweka mtu akifungua kazi, nikakifuta. Kesho yake jina likarudi. Fundi wetu akasema si mzimu, kuna kompyuta mahali imefunguliwa kwa jina lake. Nikapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, hadi Kasulo.

Nilimkuta mama yake amekaa mbele ya kompyuta ya Mado. Hajui kusoma. Mwanawe wa kiume naye hajui, ila dada yake Mado, kabla ya kufa, alimwonyesha pa kubonyeza. Kila asubuhi humfungulia mama ile kazi, naye hukaa anaitazama. Nilishindwa kumwambia aifunge. Nikarudi ofisini, nikabadilisha mpangilio ili wawili tuweze kuwa ndani ya faili pamoja, nikaendelea kuandika. Sikufikiri kwamba mama kule anaona.

Nilipokwenda tena kumsalimia, alinivuta mkono hadi kwenye kioo cha kompyuta. Alisema herufi zinatoka zenyewe.

"Ni Mado njo anaandika. Unisomee, anasema nini?"

Nilitaka kumwambia ni mimi. Badala yake nikasoma sentensi niliyoiandika mwenyewe asubuhi ile: mtu asishuke shimoni udongo ukiwa umelowa. Mama alilia bila sauti. Kaka yake Mado, aliyekuwa anachimba madini chini ya nyumba yao wenyewe, akakaa sakafuni.

"Dada amekataza," alisema. "Mi sishuki tena."

Na kweli aliacha, sasa anabeba abiria kwa pikipiki. Mvua zilipoanza, shimo la jirani liliporomoka, watu wakafukiwa humo. Tangu hapo mama ananibariki kwa kumsomea yale maneno kila akiniona, na mimi siwezi kumtazama usoni.

Kazi ya kanuni imekwisha, lakini bado naandika. Siku ikipita bila herufi, mama huniita aniulize amemkosea nini Mado. Wiki iliyopita niliandika, "Mama, ukule." Nikaenda kumsomea. Alikula mbele yangu, huku nikiogopa mikono yangu mwenyewe.

Sasa shefu, mkubwa wetu wa kazi, anataka kompyuta irudi ofisini, na kesho anatuma gari. Nikisema kweli, mama atafiwa upya, na kijana huenda akashuka shimoni. Nikinyamaza, ataamini binti yake amemwacha. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mngekuwa mimi mngemwambia nini?