Jogoo wa Reuben juu ya Nyumba ya Kanisa

Mzee Reuben Luscombe aliezeka mapaa maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumsikia akijuta. Kijijini Withycott kila fundi akimaliza paa huacha alama yake kileleni, mnyama au ndege aliyemsuka kwa mabua yale yale ya ngano anayoezekea. Alama ya Reuben ni jogoo. Jogoo huyo alisimama juu ya Nyumba ya Kanisa, kongwe kuliko zote pale, tangu Reuben ana meno yake yote. Kila jioni mzee alikaa nje ya baa na pombe yake ya tufaha, akamtazama, akaridhika.

Sasa paa limeoza. Kazi kapewa Thirza, binti yake, ambaye Reuben alimfundisha mwenyewe. Mzee alijaa fahari, lakini roho haikutulia: je, jogoo atarudi juu? Kuuliza hakuuliza, ng'o! Alizungukazunguka tu.

"Jogoo yule kakaa vizuri, eti?"

"Kakaa, baba."

"Ukimkarabati kidogo tu..."

"Baba, chai yako inapoa."

Thirza alitoa tabaka la juu lililooza, akaezeka jipya juu ya yale ya zamani, kama wafanyavyo wote huku. Kazi safi! Reuben alitafuta kasoro mpaka shingo ikamuuma, akakosa. Siku ya mwisho binti akafungua gunia, akatoa sungura wa mabua.

"Ebo! Sungura? Juu ya Nyumba ya Kanisa?"

"Ndiyo alama yangu."

"Na jogoo wangu je?"

"Na bundi wa babu, baba, alimteremsha nani?"

Bundi ilikuwa alama ya baba yake Reuben. Reuben ndiye aliyemteremsha, enzi za ujana wake, huku akipiga mluzi. Baba yake alimnunia mpaka Krismasi, na Reuben akawa anamcheka kwa marafiki kwamba mzee mzima ananunia majani. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Leo ulimchoma mwenyewe, na ulichoma kweli.

Akamgeuzageuza sungura mikononi.

"Masikio yamekaa kombo."

"Ndivyo nilivyotaka."

"Mkaidi wewe. Sijui umemrithi nani."

Thirza akacheka, akamchukua sungura wake, akaanza kupanda. Reuben akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaikaza mpaka binti alipofika juu. Yeye siku ile ya bundi hakushikiwa ngazi na mtu.