Farasi Aliyekataa Maji

Siku ile tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, patroni mwenye farasi, dereva wa pikipiki aliyeshindana naye mbio, na mama jirani, mjane aliyekaa chumba cha pili uani. Waliokuwa wakishangilia njiani walikuwa wamekwenda zao kula.

Patroni, tajiri wetu, alifanya biashara ya kununua dhahabu ya machimbo ya Salamabila. Farasi alimleta kwa lori, naye ndiye farasi pekee niliyewahi kumwona Kasongo. Wazazi wetu walipokwisha kufa niliacha shule, na patroni akatupa chumba: sisi tumtunze mnyama, yeye asitudai kodi. Farasi akifa, tunatoka. Aliyasema hayo mara moja, wala hakuwa na haja ya kuyarudia.

Ilikuwa kiangazi, jua la saa sita. Patroni alimkimbiza farasi mbali kwenye njia ya Kabambare na kurudi. Farasi alishinda kwa sababu pikipiki ilikwama mchangani. Alipofika uani alikuwa na povu jeupe katikati ya mapaja. Mbavu zilipanda na kushuka, pua zimepanuka, na jasho lililokauka shingoni liliacha chumvi ambayo vipepeo walianza kuifuata.

Nilimletea maji yaliyobaki kwenye ndoo yetu. Patroni akaisukuma kando kwa mguu. Alisema mwili ukiwa moto, maji yanaua. Tukangoja. Patroni alipokubali hatimaye, farasi alinusa tu, akageuza kichwa.

"Yaya, hataki," mdogo wangu aliniambia mimi, mkubwa wake.

Dereva akasema labda mnyama wa matajiri hunywa bia tu.

Nilivuta ngozi ya shingo nikaiachia. Haikurudi. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Niliwahi kuona ngozi kama ile kwenye mkono wa mama yetu, muuguzi alipoivuta, wakati kipindupindu kilipoingia mtaani. Sikuhisi kitu. Niliwaza tu mahali pa kupeleka magodoro.

Mama jirani alitoka mlangoni, akapitisha kidole kwenye shingo ya farasi na kukilamba. Marehemu mume wake alisukuma baiskeli za mizigo hadi Kabambare miaka mingi. Alikuwa akifika nyumbani hivyo hivyo, misuli ikimkaza, na kiu hana.

"Chumvi yake yote iko inje," alisema. "Mwili hauombi tena maji. Mumupe ya chumvi kwanza."

Ndoo yetu haikutosha, na chemchemi ilikuwa mbali. Alitoa bidoni zake mbili, madumu ya maji aliyoyabeba tangu alfajiri. Moja aliimimina kwenye beseni na kutia chumvi kidogo. Nyingine tulimmwagia farasi shingoni na miguuni huku tukimtembeza polepole. Alilamba, akasimama, akalamba tena. Kisha akainamisha kichwa na kunywa mpaka beseni likakauka, kisha na maji ya ndoo yetu pia. Jioni alikojoa, mkojo wa rangi ya chai. Patroni akauangalia, akasema farasi atapona, tubaki.

Nilimshukuru mama jirani. Alikuwa anafunga mlango.

"Asante haifui nguo," alisema. "Maji yangu mutanirudishia kesho."

Asubuhi tulikuta kufuli mlangoni kwake. Binti yake wa Kabambare alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, akamtumia pikipiki. Hakurudi. Farasi aliuzwa baadaye. Sisi tuko palepale, patroni hakututoa. Nimewauliza madereva wanaotoka upande ule habari za mama jirani, hakuna anayemfahamu. Bidoni zake ziko nyuma ya mlango wetu. Maji yake hatujarudisha.