Bibi Aliyeniambia Nionje

Wewe unayenisikiliza, kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya niliyaona mwenyewe. Pombe sinywi, na siku ile sikuwa na homa. Wala haikuwa usiku. Watu wa hapa Mandewa wanapenda kusema mizimu hutoka gizani. Wa kwangu nilikutana naye mchana, jua la utosi, upepo wetu wa Singida ukivuma mpaka mchanga unaingia kwenye meno.

Nchi ilikuwa bado ya Mwingereza, na mimi nilikuwa dresa. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, akachoma sindano na kugawa dawa. Ninyi wa leo neno hilo mmelisahau. Daktari wetu alikuwa Mzungu, tukimwita Bwana Mganga. Siku moja akaniita akanieleza kwamba kuna kambi ya wazee huko njia ya Manyoni, hujafika Kilimatinde. Walikuwa wazee wasio na ndugu: vipofu, viwete, watu ambao watoto wao waliondoka na njaa. Serikali iliwaweka pale watunzwe. Lakini walikuwa wanakufa, na ugonjwa hauonekani. Wanakonda, wanakonda, halafu wanazimika. Akanituma nikakague, nimwambie kama wanatunzwa vizuri au hapana.

Nilikwenda nikiwa na hasira, sikufichi. Nilijua nitakuta nini: msimamizi mwizi, unga umeuzwa, wazee wamelala kwenye uchafu. Nilikuwa nimeshapanga njiani jinsi nitakavyomkaripia.

Basi nikamkuta Yohana. Yohana alikuwa Mgogo, mtu mpole, mcha Mungu, sauti yake haipandi. Akanipokea kwa mikono miwili akasema, "Karibu, mwenzangu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Tazama kila kitu, na ukiona kosa niambie, kwa sababu mimi nimeshindwa."

Nikatazama. Nikapekua mpaka nikaona haya. Vyoo vilifagiliwa. Maji ya kisima yalikuwa masafi. Mablanketi yalianikwa juani, kunguni hakuna. Wanaume walikuwa na nyumba yao, wanawake yao, kama ilivyoagizwa. Unga wa mtama ulijaa ghalani, na mlenda ulipikwa kila siku. Na chakula kilipakuliwa kwa amri ya Bwana Mganga mwenyewe: kila mzee bakuli lake la bati, limefunikwa, na mtu mwingine asitie mkono humo, kwa kuogopa kifua kikuu. Mpishi alikuwa akiweka bakuli mbele ya mzee na kuondoka. Nikasema moyoni, laiti hospitali yetu ingekuwa safi hivi.

Nikawauliza wazee mmoja mmoja, "Mnatunzwaje hapa?"

"Vizuri sana, bwana dresa."

"Na chakula?"

"Kipo kingi."

Wote walijibu hivyohivyo, macho yakitazama chini. Na mifupa imewatoka mabegani. Ulishaona mtu anasema chakula ni kingi huku mbavu zake unaweza kuzihesabu? Kitu kimoja tu kilinishangaza pale kambini: kuku. Unawajua kuku wa kwetu, kazi yao kukimbia. Wale walikuwa wanono mpaka wanatembea kwa kuyumba.

Mchana ukafika. Mpishi akaniletea na mimi bakuli langu, ugali na mlenda, akaniwekea barazani nyuma ya nyumba ya wanawake, mahali penye kivuli. Nikanawa. Kabla sijagusa, nikasikia mtu anakohoa.

Alikuwa bibi mmoja, amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, amejifunga kaniki iliyochakaa. Sikumwona alipokuja. Nikaona nimemkosea adabu, nikasema haraka, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unakula peke yako?"

Nikacheka, nikamsogezea bakuli. "Karibu, bibi. Tule."

Hakunyoosha mkono. Alinitazama kama ninyi mnavyomtazama mtoto asiyefunzwa. Akasema, "Onja kwanza."

Hapo ndipo nikaduwaa. Onja kwanza! Hebu fikiri. Nyumbani kwetu Mwankoko, hata kibuyu cha pombe hakimfikii mgeni kabla mwenyeji hajapiga funda la kwanza, mgeni aone kwa macho kwamba hakuna kilichotiwa. Ugali tunaula chungu kimoja, mkono wa mwenye nyumba ukitangulia. Jambo hili nililijua tangu nanyonya. Lakini hospitalini mgonjwa hupikiwa na ndugu zake, kwa hiyo hofu hiyo sikuwahi kuiona kazini. Hapa kambini hakuna ndugu. Hapa bakuli linakuja limefunikwa, kutoka kwa mtu usiyemjua, analiweka na kukupa mgongo. Na jirani yako wa juzi amekufa.

Nikakata tonge, nikachovya, nikala huku ananitazama. Nikauliza polepole, "Bibi, hawa wazee chakula wanapeleka wapi?"

"Kwa kuku."

"Kwa nini hawasemi?"

"Waseme nini? Waseme mpishi mchawi? Kumwita mtu mchawi ni kesi ya bomani, mjukuu wangu. Na tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi? Mtu anashukuru, anasubiri mpishi aende, anamwaga. Njaa ikimzidi sana, anameza tonge moja." Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya wanaume. "Nina mume wangu mle kwa wanaume. Ntandu, yule kipofu wa mwisho mlangoni. Nilikuwa naenda kumwonjea mimi. Nakula tonge moja mbele yake, anasikia natafuna, naye anakula."

"Na wewe, nani alikuwa anakuonjea?"

Akatabasamu. "Mimi mzima. Mgonjwa ni yeye."

"Siku hizi humwonjei?"

"Siku hizi sifiki. Nenda wewe, mjukuu wangu. Tangu niache, hajala kitu cha maana."

Kisha akasogea kwenye bakuli langu akala. Niamini ninachokwambia, nilimwona. Alikula taratibu, kwa adabu, kama watu wazima wanavyokula kwa watu, mpaka nikaona bati la chini. Ndipo nikainuka. Jambo moja nililikumbuka baadaye tu: koti langu jeupe lilikuwa linapepea kwa upepo mpaka linanipiga usoni, na ile kaniki yake haikutikisika hata kidogo.

Nikaingia kwa wanaume. Mzee Ntandu alikuwa amelala ubavu, ngozi imeshikana na mfupa, bakuli lake limefunikwa vilevile. Nikamwamkia, nikakaa chini kwenye udongo, nikafunua. Nikakata tonge nikatafuna kwa sauti kubwa, nikitafuna kama ng'ombe. Yohana alikuwa mlangoni, akanishangaa.

Mzee akageuza uso. "Nani huyo anayenionjea?"

"Ni dresa, babu. Chakula ni kizuri. Inuka ule."

Nikamwinua, nikamshika mkono nikauongoza mpaka kwenye ugali. Akala tonge dogo. Akala la pili. Wazee wengine wakaacha kuzungumza, nikasikia tu upepo na mzee anatafuna. Nikatoka hapo nikaenda kwa wa pili, nikaonja, naye akala. Hivyo hivyo nyumba nzima, mpaka nikashiba matonge ya watu. Kuna mmoja alikuwa anakula huku analia, machozi yanaingia kwenye mlenda, na wala hafuti.

Nikarudi kwa Ntandu. Akauliza, "Nani amekufundisha hivi? Wewe mtu wa hospitali."

"Bibi mmoja yuko nje, barazani. Anasema wewe ni mumewe."

Mkono wake ukasimama njiani.  Akauliza kwa sauti ndogo, "Na yeye amekula?"

"Amekula, babu. Amemaliza bakuli zima."

"Ulimwonjea?"

"Nilimwonjea."

Yule mzee akashusha pumzi ndefu. Akasema, "Basi," akarudisha mkono kwenye bakuli akaendelea kula. Yohana alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Akanivuta nje.

"Ndugu yangu," akasema, "mke wa Ntandu tulimzika mavuno yalipokwisha. Alifia hapo barazani, hapo ulipokuwa umekaa. Nilidhani ni uzee."

Nilimwambia twende akamwone mwenyewe. Tukazunguka nyumba. Hakuna mtu. Bakuli langu lilikuwa pale pale, ugali umekauka juu kwa upepo, umejaa, umepungua tonge moja tu, lile nililokata mimi. Kuku walikuwa wamesimama mbali kidogo, hawalisogelei. Nikakaa chini nikalia, na Yohana akalia. Kilichoniliza si woga, ingawa woga nao ulikuwepo. Nililia kwa sababu hata baada ya kufa, yule mama alikuja kuomba kwa ajili ya mwenzake, na yeye mwenyewe hakula.

Ntandu sikumwambia kwamba bakuli la mkewe lilibaki limejaa. Ungemwambia wewe? Alikula siku zile chache nilizokaa pale, anakula na kuuliza kila mara kama mkewe ameshapelekewa, nami najibu ameshapelekewa. Halafu akafa. Mwili ulikuwa umekwisha zamani, chakula kilichelewa. Lakini alikufa ameshiba, na kwa mtu aliyekaa miezi akiogopa bakuli, hilo si dogo.

Bwana Mganga nilimwambia ukweli wote isipokuwa bibi. Nilimwambia wazee wanataka mpishi akae chini, ale nao tonge la kwanza. Alinung'unika habari za kifua kikuu, tukabishana, mwisho akakubali mpishi aonje, mradi awe na kijiko chake. Yohana yeye hakungoja ruhusa. Alikuwa ameshaanza siku ileile. Wazee walionenepa walikuwepo. Wengine, kama Ntandu, chakula kilikuwa kimewachelewea.

Tangu hapo mimi siwezi kula na mtu pembeni hana kitu. Marehemu mke wangu alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na bibi wa Manyoni. Lakini alikuwa ananionjea. Miaka yote, hata maji, alikuwa anapiga funda kabla ya kunipa, bila kuambiwa, mpaka siku aliyotangulia.

Kwa hiyo nakuonya, na onyo hili si la kutisha watoto. Ukiwa na mzee nyumbani, usijisifu kwa watu kwamba chakula kipo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nenda ukatazame kama kimeliwa, na kabla hujaondoka, kaa uonje.

Mimi nakaa kwa mwanangu, na simsemi vibaya. Mkwe wangu ni mwema, hajawahi kunilaza njaa. Hukileta chakula, hukifunika, huenda kwenye shughuli zake. Najua hakikutiwa kitu. Nilikuwa dresa mimi, nimesoma. Lakini nakitazama, na mkono hauendi.

Lile bakuli pale limeletwa kabla hujaingia. Vuta kigoda, mwanangu. Nawa. Anza wewe.