Aliuliza Redioni Wanajeshi Wanakimbilia Wapi, Sasa Anapunguza Suruali

Saa tisa alasiri ya Jumapili, Sibomana Idrisa anakanyaga cherehani barazani kwake mtaani Biryogo, na redio ya jirani imefunguliwa kwa sauti ya juu. Kinachosikika ni kipindi cha Idrisa mwenyewe cha salamu na muziki. Sauti inayokiendesha ni ya kijana mwingine.

"Zima basi, Swafiya," anasema bila kuinua kichwa.

"Nizime kwa nini? Redio ni yangu," anajibu Swafiya, mama wa makamo anayeuza vitenge na sambusa baraza ya pili. "Ila huyu mtoto anasoma salamu kama anaita majina gerezani."

"Anameza majina. Mtu ametoka Kabuga kwa miguu yake kuleta salamu, wewe unameza jina la mama yake?"

"Mwambie yeye. Mimi nauza sambusa."

Idrisa anakata uzi kwa meno, anageuza suruali, anashona mguu wa pili. Ni mwezi wa tatu tangu aambiwe apumzike. Neno lililotumika ni hilo, apumzike, kana kwamba yeye ndiye aliyelalamika kuchoka.

Mwaka huu wa 1989 ametimiza miaka hamsini na minne. Babu yake alitoka Ujiji na mizigo ya vitambaa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Baba yake alishona, na yeye anashona. Shule aliiacha darasa la tatu, ada ilipokosekana.

Redioni aliingia kwa mlango wa mapazia. Mwaka 1971 aliitwa kushona mapazia mazito ya studio, yale yanayozuia mwangwi. Akiwa juu ya ngazi, mdomoni kajaza pini, wakubwa wakagundua kwamba msomaji wa Kiswahili hajafika. Wakauliza nani hapa anajua Kiswahili cha kusomeka. Akatema pini, akashuka.

Tangu siku hiyo kipindi kikawa chake. Hakuajiriwa. Alilipwa kwa kipindi, na malipo ya mwezi mzima hayakufika bei ya kushona suti moja. "Ningekuwa natafuta utajiri ningebaki na mapazia," anasema.

Namna yake ya kufanya kazi waliijua watu wote wa mtaa. Simu mtu wa kawaida hana, na hata angekuwa nayo, nani angemruhusu aongee hewani? Basi watu walileta maneno yao barazani. Idrisa anapima kiuno, mteja anasema. Bei ya maharage, barabara ya Gatsata inayozama kila mvua ikinyesha, mtoto aliyenyimwa nafasi ya sekondari akapewa mtoto wa mtu mwingine. Jumapili Idrisa anayatoa yale maneno, lakini anayatoa kama anazungumzia muziki.

Alikuwa akipiga rumba ya Zaire, kisha anasema: "Mnasikia gitaa la pili, ndugu wasikilizaji? Linafanya kazi yote, na jina kwenye santuri ni la mwimbaji." Kila aliyekuwa na masikio alicheka. Wakubwa nao walicheka, wakidhani anasema gitaa.

Wanajeshi aliwasemea kwa upole. Alisoma salamu za wake zao, akataja watoto waliozaliwa baba akiwa zamu. "Askari ninampima kiuno kama mtu mwingine," anasema. "Ana tumbo, ana madeni, ana mama mkali. Wimbo wa jeshi usiokuwa na mama ndani yake mimi huuona mfupi."

Na siasa?

"Siasa siijui. Ninachojua ni kwamba mtu akiimbishwa tangu mchana hajala, sauti inakusimulia."

Hapo anazungumzia animasiyo, nyimbo na ngoma za kukisifu chama ambazo kila ofisi, kila kiwanda na kila kambi hulazimika kuziandaa, Jumatano kwa Jumatano. Vikundi hushindanishwa, na vilivyo bora hupelekwa mbele ya wageni wa heshima. Redio hutuma fundi na kinasa sauti, kisha nyimbo hupigwa hewani. Kipindi cha Idrisa kilipewa nacho fungu lake, apende asipende.

Ndivyo alivyopokea utepe wa kikundi cha kambi moja ya hapa mjini. Aliuweka, akausikiliza hewani pamoja na wasikilizaji, kwa mara ya kwanza kama wao. Wimbo ulikuwa wa kupiga hatua, lakini uliotoka ulikwenda mbio. Ngoma ilidunda kama moyo wa mwizi. Sauti za wanaume wazima zilikuwa nyembamba, zinahema.

Wimbo ulipokwisha, Idrisa akafungua kinywa. "Ndugu wasikilizaji, hawa askari wetu wanakimbilia wapi? Wimbo wa kutembea wameufanya wa kukimbia. Nani anawafukuza?"

Alikusudia muziki. Safari hiyo, anasema, hapakuwa na kitu chini ya maneno. Lakini nchi iko katika mnong'ono wa vita mipakani, na neno la jeshi kukimbia halihitaji mtu wa kulitafsiri. Kabla rumba iliyofuata haijafika katikati, mkubwa wa vipindi alikuwa amesimama mlangoni mwa studio.

"Sasa nikatambua kwamba miaka yote ile walikuwa wanasikiliza," anasema Idrisa.

Wiki mbili baadaye koplo mmoja alisimama mbele ya baraza, mwenye sare, amekunja uso. Swafiya aliacha sambusa zikaungua.

"Ni wewe Idrisa wa redio?"

"Nilikuwa."

"Mimi Niyonzima. Niko mupiga ngoma wa kambi."

Idrisa aliinuka, akatafuta viatu vyake kwa miguu. Akili yake ilikwisha kufika mbali, anakiri. Alijiuliza nani atawarudishia watu nguo zao.

"Kaa, mzee. Sikuja kukukamata. Nimekuja kukuuliza. Unasema tunakimbia. Mimi ngoma nimeifundishwa na baba, na baba alifundishwa na baba yake. Sikia."

Koplo akavuta ubao wa kukatia nguo, akapiga kwa viganja. Alipiga polepole, kwa uzito, kila dundo likikaa mahali pake kabla ya lingine kuja. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini kabisa, ya kifuani. Wapita njia walisimama. Swafiya anaapa kwamba vikombe vyake vilitikisika.

"Hivyo ndivyo mlivyopiga siku ile?" Idrisa aliuliza.

"Hivyo hivyo, kweri kabisa. Sasa wametutoa kwenye mashindano, wanasema tumeaibisha jeshi. Siku ya animasiyo wenzetu wanaimba, sisi tunakata majani. Na mama yangu yuko Kagugu ana redio, mzee. Aliniuliza, mwanangu, nani alikuwa anawafukuza?"

Jioni ile ile Idrisa alimfuata Nsabimana, fundi aliyekwenda kunasa wimbo. Hakumzungusha. Walikuwa wamefahamiana miaka.

"Mawe yalikuwa yamechoka," Nsabimana alimwambia. "Niliomba mapya ghalani. Wakasema mapya ni ya msafara wa wakubwa. Nifanye nini, wee? Nikaenda na yale ya zamani."

Kwa asiyejua mambo ya utepe, iko hivi. Mawe ya kinasa sauti, yaani betri zake, yakiisha nguvu, utepe huzunguka kwa kujikokota wakati wa kunasa. Ukiupiga studio kwenye umeme kamili, unarudi kwenye mwendo wake, na kila kilichonaswa kinakwenda mbio na kupaa. Wanaume wanageuka wavulana. Waliotembea wanakimbia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Wewe ulianza kuongea wimbo haujapoa!"

Kosa hilo Idrisa analikubali. Mtu aliyekaa miaka kumi na minane kwenye kipaza sauti, aliyegusa tepe kwa mamia, alitakiwa kusikia kwamba kifua cha mwanamume hakitoi sauti ile. Hakusikia, kwa sababu alikuwa na neno la kuchekesha tayari ulimini.

Alichofanya ni kwenda kwa mkubwa wa vipindi na ombi moja. Apewe dakika moja, katika kipindi chochote, saa yoyote, aseme kwamba askari wale waliimba sawasawa, kwamba yeye alisema ovyo, na kwamba kinasa sauti kilikuwa na mawe mabovu.

Mkubwa alimsikiliza akipanga kalamu zake mezani. Kisha akatoa masharti ambayo, kwa mtu mwingine, yangekuwa zawadi.

"Utarudi Jumapili ijayo. Utaomba radhi. Utasema sikio lako lilikosea. Mambo ya mawe uyaache."

"Lakini mawe ndiyo yaliyoharibu wimbo, bwana mkubwa."

"Mitambo ya redio haikosei, Idrisa."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu."

Alikuwa amerudishiwa kipindi. Neno "ndiyo" tu lilibaki. Idrisa akaomba kwenda kufikiri, na njia nzima ya kurudi Biryogo alikuwa anamfikiria Mukantwari.

Mukantwari alikuwa mkewe. Miaka miwili iliyopita alishikwa na uchungu wa tumbo asubuhi, majirani wakakimbia kuomba gari la wagonjwa. Gari lilikuwa zima na dereva yupo. Ila lilikuwa limepelekwa uwanjani, kwenye animasiyo, lisimame pembeni endapo mgeni wa heshima atazidiwa na jua. Mgeni hakuzidiwa. Mukantwari alibebwa kwa machela, watu wakipokezana, na alipofika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Tangazo la kifo lilipoandikwa, liliandikwa na wakubwa, nalo lilisema marehemu alichelewa kufika hospitali. Tangazo la Kiswahili alilisoma Idrisa mwenyewe. Alilisoma vilevile lilivyoandikwa, kwa sauti nzuri, bila kumeza jina.

"Alichelewa," anasema sasa, na mguu wake umesimama juu ya kikanyagio. "Mwanamke ambaye maisha yake yote aliniamsha mimi. Nililisomea taifa zima kwamba alichelewa. Na siku ya matanga nikawashukuru waliotusaidia."

Anarudi kwenye suruali.

Jibu alilolipeleka kwa mkubwa lilikuwa fupi. Yuko tayari kulaumiwa kwa kosa lake lote. La mawe hawezi kulibeba pia. Mkubwa akamwambia basi aendelee kupumzika.

Jumatano iliyopita Niyonzima alikuja kumchukua. Sajenti anayeongoza kikundi alikuwa ameafiki fundi cherehani aingie kupima watu sare, na kama fundi ana neno la kusema wakati wa kupima, jeshi haliwezi kumziba mdomo. Idrisa alisimama mbele ya wanaume wenye mapanga ya kukatia majani, bila kipaza sauti, akiwa na futi yake shingoni. Akawaeleza yote, mawe pamoja na ulimi wake.

Waliweka mapanga chini, wakamsikiliza hadi mwisho.

Kisha mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, mimi nilidhani umesema kweri! Siku ile nilikuwa na njaa, nilitaka wimbo uishe!"

Wakacheka mpaka sajenti akageuza uso. Halafu wakatoa hukumu yao. Fundi asimame katikati aimbe ubeti wa kwanza peke yake, wao wampime. Idrisa anasema aliimba vizuri. Niyonzima, aliyekuwa kwenye ngoma, anasema alikuwa nyuma mwanzo hadi mwisho.

"Nilikuwa nampigia polepole, bado ananifuata kama mtu anayetafuta mbuzi," anasema koplo. "Tumemsamehe. Lakini mama yangu Kagugu hakuwepo kambini. Yeye anasikia redio."

Hilo ndilo lililobaki, na Idrisa analijua. Aibu ilipelekwa nchi nzima, hadi ng'ambo ya mpaka, na radhi imeishia kwenye ukuta wa kambi. Mashindano ya vikundi ni mwezi wa saba. Kikundi kikisafishwa jina redioni kabla ya hapo, sajenti anaamini watarudishwa. Kisiposafishwa, watakata majani mwaka mwingine.

Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi fundi huyu hufunga baraza, huvaa koti lake la redio, hupanda mpaka ofisini kuomba dakika yake. Amekwisha kukataliwa mara kadhaa. Katibu wa mkubwa sasa humwekea kiti kabla hajasalimu.

Nyumbani anaifanyia mazoezi ile dakika. Anaisema kwa sauti juu ya mlio wa cherehani, na Swafiya ndiye msikilizaji.

"Ndugu wasikilizaji, wale askari waliimba sawasawa. Mimi nilikosea, na mawe ya kinasa sauti yalikuwa yamekwisha."

"Nzuri," anasema Swafiya, akimfungia mteja sambusa. "Toa mawe, Jumapili ijayo utakuwa hewani."

"Najua."

"Watu wamekukumbuka, Idrisa. Mimi mwenyewe nimechoka na huyu mtoto. Mawe ni kitu gani? Neno moja tu."

"Na 'alichelewa' lilikuwa neno moja," anasema Idrisa.

Swafiya anageukia redio yake. Anazungusha kitufe, anapunguza sauti ya yule kijana hadi isisikike, na Idrisa anaanza tena kutoka mwanzo, taratibu, bila kulitoa lile neno la mawe. Kesho ni Jumatatu.